Jasho Jingi na Presha: Usikisie, Pima

Haya ni maelezo ya afisa wa kliniki wa kaunti yetu ya Kilifi kwa wakazi katika mkutano wa afya. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa mwishoni.



Nilipoambiwa nichague jambo la kuzungumza, sikwenda mbali. Nilichukua swali ambalo naulizwa karibu kila wiki nikiwa kazini. Mtu anaingia, anakaa, anatoa leso anajifuta uso, kisha ananiambia: "Daktari, siku hizi natokwa na jasho kupita kiasi. Bila shaka presha imepanda."

Kwanza, mimi si daktari, ni afisa wa kliniki, lakini mmezoea kuniita hivyo na sitagombana nanyi leo. Pili, hilo swali linahitaji jibu lililonyooka, kwa sababu jibu la kukisia limewaumiza watu. Nimewaona waliomeza dawa ya presha ya jirani kwa sababu ya jasho tu. Nimewaona pia walioacha dawa zao wenyewe kwa sababu jasho limeisha na wanajisikia vizuri, wakadhani wamepona. Mmoja wa hao sasa anatembea kwa mkongojo baada ya kupigwa na kiharusi.

Kwa hiyo tuanze mwanzo.

JASHO KAZI YAKE NI NINI

Jasho si ugonjwa. Ni njia ya mwili kujipoza. Mwili wa binadamu hupenda kukaa na joto la karibu nyuzi 37. Ukifanya kazi, ukila pilipili, ukipata homa au ukikaa juani, ubongo hutuma ujumbe kwa tezi za jasho, nazo ziko mamilioni chini ya ngozi. Tezi hizo hutoa maji yenye chumvi, na maji hayo yakikauka juu ya ngozi huondoka na joto.

Tazama neno hilo, yakikauka. Jasho linalotiririka bila kukauka halipozi sana. Ndiyo maana hapa kwetu Pwani, hasa wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari na Machi, hewa ikiwa imejaa unyevu, unaweza kukaa kivulini bila kufanya lolote na shati likalowa. Hiyo si presha, ni hali ya hewa. Anayepasua mawe kwenye timbo, mgema aliye juu ya mnazi, mwendesha bodaboda aliyevaa jaketi zito saa saba mchana, hawa wanaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa moja. Ni kawaida, ilimradi wanarudisha maji yanayotoka.

PRESHA KUBWA HAINA DALILI YAKE

Sasa sikilizeni hili vizuri. Kwa watu wengi, presha kubwa haileti jasho. Haileti maumivu. Haileti chochote. Mtu anaweza kuwa na presha ya 170 kwa 100, akacheka, akala, akalala usingizi mzuri, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiharibika polepole. Ndiyo maana ikaitwa muuaji wa kimyakimya.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 hapa Kenya ana presha iliyopanda, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Ukisubiri jasho likuambie kama una presha, utasubiri mpaka siku ya kiharusi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya leo ni hii: kuwepo kwa jasho hakuthibitishi presha, na kukosa jasho hakuthibitishi kwamba uko salama. Kinachothibitisha ni mashine ya kupimia.

Namba ni mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Ya chini ni wakati moyo umetulia. Chini ya 120 kwa 80 ni nzuri. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na imerudia hivyo siku tofauti, hapo tunasema una ugonjwa wa presha. Ikifika 180 kwa 120, usirudi nyumbani kwanza. Hasa kama una maumivu ya kifua, kichwa kinauma vibaya, macho hayaoni vizuri au unachanganyikiwa.

Na unapopimwa, usikubali kupimwa ukiwa umetoka tu kupanda mlima na jasho linakutoka. Kaa dakika 5 ukiwa umetulia, mgongo umeegemea, miguu iko chini bila kukunjwa, mkono uko usawa wa moyo. Nenda haja ndogo kwanza. Nusu saa kabla ya hapo usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Na usizungumze wakati mashine inafanya kazi. Wengi wamepewa namba za uongo kwa sababu walikuwa wanasimulia habari za harusi huku wakipimwa.

PALE JASHO NA PRESHA VINAPOKUTANA

Sijasema kwamba jasho na presha havijuani kabisa. Kuna njia zinakutana, na hizi ndizo za kujua.

Njia ya kwanza ni presha kushuka. Ukipoteza maji mengi kwa jasho, kuharisha au kutapika, damu inayozunguka hupungua na presha hushuka. Unasimama, unaona giza, magoti yanalegea. Aliyepoteza damu nyingi, kwa ajali au mama aliyetoka kujifungua, hutokwa na jasho la baridi, ngozi ikawa rangi ya majivu. Waswahili wana jina la jasho la namna hiyo: jasho jembamba. Kwa kawaida tunalitaja mtu anapoogopa. Lakini jasho jembamba likimtoka mtu ambaye hakuna kilichomtisha, huo ni mwili wenyewe unaoogopa. Mpeleke hospitali.

Hapa nawaambia wanaomeza dawa za presha, hasa zile zinazoongeza mkojo kama haidroklorothiazidi. Joto likiwa kali na jasho jingi, dawa hizo zinaweza kukushusha presha kupita kiasi. Ukiona kizunguzungu kila unaposimama, njoo tukupime na kurekebisha kipimo cha dawa. Usiache mwenyewe.

Njia ya pili ni moyo. Mshtuko wa moyo mara nyingi huja na jasho la baridi la ghafla, pamoja na kifua kubanwa kana kwamba kuna jiwe juu yake, maumivu yanayokwenda kwenye mkono, taya au mgongo, na pumzi kuwa fupi. Lakini kwa baadhi ya wanawake, wazee, na watu wenye kisukari, kifua kinaweza kisiume kabisa.

Nitawaeleza kosa langu mwenyewe. Miaka mingi nyuma, nikiwa mgeni kazini, alikuja mama wa miaka kama 55, ana kisukari na presha. Alikuwa amelowa jasho, anasikia kichefuchefu, amechoka. Kifua hakikuuma. Nilimwona umri wake, nikawaza kukoma hedhi. Nikaona homa kidogo, nikawaza malaria. Nikampima malaria, hakuwa nayo, nikamwambia akapumzike. Muuguzi mwenzangu, aliyenizidi miaka kazini, alimtazama mara moja akasema, "Huyu mama usimruhusu kuondoka." Alipelekwa hospitali kubwa, akapimwa moyo, na kweli ulikuwa mshtuko wa moyo. Alipona, lakini moyo wake haukurudi kuwa kama zamani, na saa mbili nilizompotezea zimo katika hesabu hiyo. Tangu siku ile, mtu mwenye kisukari au presha akija na jasho la ghafla lisilo na sababu, mimi hufikiria moyo kwanza.

Njia ya tatu ni homoni. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, mwili wote huenda mbio: jasho jingi, moyo kudunda, mikono kutetemeka, kukonda ingawa unakula vizuri, kutovumilia joto, na pengine uvimbe shingoni au macho kutoka nje. Namba ya juu ya presha inaweza kupanda pia. Hupimwa kwa damu na inatibika.

Kuna pia uvimbe wa tezi ndogo zilizo juu ya figo. Ni ugonjwa adimu sana, nautaja kwa sababu ndio hasa unaounganisha jasho na presha kubwa. Hutoa adrenalini nyingi kwa vipindi: kichwa kinauma sana, moyo unadunda kwa nguvu, jasho linamwagika, presha inapaa, kisha hali inatulia. Mtu ambaye mambo hayo matatu humjia pamoja kwa vipindi, na presha yake haikubali dawa, amweleze mhudumu hivyohivyo.

JASHO LA SUKARI KUSHUKA

Hili nimeliweka peke yake kwa sababu ndilo linalochanganywa na presha kuliko yote.

Usiku mmoja aliletwa mzee juu ya pikipiki, kashikwa na wanawe wawili. Amelowa kama aliyetoka baharini, anatetemeka, anazungumza maneno yasiyoeleweka. Familia ilikuwa imempa vidonge viwili vya presha, cha kwake na cha mkewe. Presha yake haikuwa juu hata kidogo. Sukari yake ilikuwa imeshuka vibaya. Mzee alikuwa amemeza dawa ya kisukari jioni, akalala bila kula kwa sababu hakuwa na hamu. Alipopata sukari kwa njia ya mshipa, baada ya muda mfupi alifungua macho akauliza viatu vyake viko wapi. Wanawe walilia. Wangechelewa kidogo, tungezungumza habari nyingine.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, akitokwa na jasho la ghafla, akatetemeka, akahisi njaa kali au akachanganyikiwa, fikirieni sukari imeshuka mpaka ipimwe. Chini ya 4 ni hatari. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Pima tena baada ya dakika 15. Kisha ale chakula. Kama hana fahamu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Na wale wenye kisukari wanaotumia pia dawa kama atenololi au propranololi kwa ajili ya presha au moyo: dawa hizo huzuia moyo kudunda na mikono kutetemeka, kwa hiyo sukari ikishuka huenda usisikie dalili hizo. Jasho hubaki kuwa kengele yako. Lisikilize.

JASHO LA USIKU NA SABABU NYINGINE

Jasho linalolowesha shuka usiku, hata ukiwa umefungua dirisha, lisipuuzwe. Likiambatana na kikohozi, homa za jioni na kukonda, njoo upimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure katika vituo vya umma. Tunashauri pia kipimo cha VVU. Malaria nayo huja na baridi, homa, kisha jasho. Usimeze dawa kabla ya kupimwa. Mara chache, jasho la usiku na tezi zilizovimba shingoni au kwapani ni dalili ya saratani ya damu au ya mfumo wa tezi.

Akina mama wa kati ya miaka 45 na 55, kukoma hedhi huleta joto la ghafla linalopanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho, kisha baridi. Si uchawi wala si kichaa, na waume zenu nao waelewe hivyo. Likikunyima usingizi, kuna matibabu.

Dawa nyingine huleta jasho: baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, tramadoli, na hata za kushusha homa. Anayeacha ghafla pombe aliyoizoea kwa miaka anaweza kutokwa na jasho, kutetemeka na presha kupanda. Huyo asiachwe peke yake nyumbani. Hofu na wasiwasi wa muda mrefu nao hutoa jasho.

Na kwa wakulima: ukipulizia dawa ya wadudu, ukaanza kutokwa na jasho, mate na machozi mengi, tumbo likauma na kuona kukawa na ukungu, hiyo ni sumu. Vua nguo, oga kwa sabuni na maji mengi, uende hospitali na chupa ya dawa hiyo.

JASHO LA VIGANJA NA MAKWAPA

Kuna vijana ambao viganja, nyayo au makwapa yao hutoa jasho muda wote, tangu utotoni au walipobalehe. Daftari linalowa wakati wa mtihani. Kijana anakataa kusalimiana kwa mkono, watu wanasema ana maringo. Jasho hili hutoka pande zote mbili sawa, hukoma mtu akilala, na mara nyingi mzazi au ndugu analo pia. Halitokani na presha wala uchafu. Kuna dawa ya kupaka yenye aluminiamu kloridi, hupakwa usiku ngozi ikiwa kavu. Isipofaa, ziko tiba nyingine hospitalini. Msiwacheke vijana hawa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingi anayemfanya mtu afiche maradhi ni sisi tunaocheka.

LA KUFANYA KUANZIA LEO

Pima presha angalau mara moja kwa mwaka ukishafika miaka 18, na mara nyingi zaidi ukiwa na kisukari, uzito mkubwa, au mzazi mwenye presha. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Yule anayepita nyumbani kwako si mgeni wa kufichwa, mwombe akupime.

Kunywa maji kabla kiu haijakubana. Mchana wa jua kali, kazi nzito ifanywe asubuhi na jioni. Mtu aliyezidiwa na joto, anayechanganyikiwa na mwili unachoma, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, huku mkitafuta gari.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Na usiwahi, narudia, usiwahi kumeza dawa ya presha ya mtu mwingine.

MASWALI YA WAKAZI

Mama mmoja aliuliza: Nikitokwa na jasho jingi, si chumvi inatoka? Basi niongeze chumvi kwenye mboga?

Jibu: La, mama. Chakula chetu cha kawaida kinatosha kurudisha chumvi hiyo, na mara nyingi kinazidi. Anayefanya kazi nzito juani siku nzima au anayeharisha ndiye anayeweza kuhitaji maji ya ORS. Kwa mwenye presha, chumvi ya ziada ni kuni juu ya moto.

Mzee mmoja aliuliza: Madafu je? Nasikia yanashusha presha.

Jibu: Dafu ni kinywaji kizuri, mzee wangu, na ni bora kuliko soda. Lakini halichukui nafasi ya dawa. Na mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, kwa sababu dafu lina potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa.

Kijana wa bodaboda aliuliza: Nikitoka jasho sana kwa mazoezi, presha itashuka nisihitaji dawa?

Jibu: Mazoezi yanasaidia, ila kinachosaidia ni moyo na mishipa kuzoea kazi, si maji yanayotoka. Kujifunika nailoni ili utoe jasho zaidi kunakukausha tu. Kama umeandikiwa dawa, endelea nayo ukifanya mazoezi, na namba zikishuka sisi ndio tutakaoamua pamoja nawe kupunguza.

Mama mwingine aliuliza: Nikija zahanati nitalipa?

Jibu: Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hugharamiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Hakikisha wewe na jamaa zako mmesajiliwa na SHA, na uje na kitambulisho.

Ndugu zangu, naomba mtoke hapa na jambo moja tu. Ukitokwa na jasho usilolielewa, usiulize jirani ni presha au si presha. Njoo, ukae dakika 5, tukupime presha na sukari. Meza ya kupimia iko pale chini ya mwembe, na wauguzi watakuwepo mpaka saa kumi. Wanaume, nimewaona mlivyoanza kusogea upande wa barabara. Rudini, foleni inaanzia hapa.